Ua la mpunga: lifungwe, lifunguliwe, au lihamishiwe saa?

Mpunga ukichanua, watu wengi hawaoni ua. Hakuna rangi, hakuna harufu ya kumwita nyuki; kuna suke la kijani lililoning'iniza vinyuzi vyeupe, na kufika saa saba mchana hivyo navyo vimenyauka. Hata hivyo kila punje iliyowahi kuingia sufuriani ilianza kama ua moja, na kila pepe linalopeperuka wakati wa kupeta ni ua lililoshindwa kutunga. Watafiti wametumia zaidi ya miaka 30 kuzisaka jeni zinazoliunda ua la namna hii, na sasa wamefika mahali pa kuweza kulibadili wanavyotaka. Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Wapo wanaotaka ua la mpunga lifunguke kuliko linavyofunguka leo, chavua ya mmea mwingine iingie kwa wingi. Wapo wanaotaka lisifunguke kabisa. Kila upande una hoja nzito, na zote zinahusu kiungo kimoja kidogo ambacho mkulima hajawahi kuwa na sababu ya kukitazama.

Tuanze nacho. Ua la mpunga limefungwa ndani ya maganda mawili magumu, kubwa likiitwa lema na dogo palea. Hayo ndiyo yanayobaki mashineni kama pumba. Ndani mna stameni sita, yaani viungo vya kiume vyenye vifuko vya chavua, ovari moja yenye stigma mbili za manyoya za kupokea chavua, na chini kabisa, upande wa lema, vijinyama viwili vinavyoitwa lodikuli. Asubuhi ya kuchanua, lodikuli hunyonya maji, huvimba, na kulisukuma ganda kubwa kama jeki inavyoinua gari. Stameni hurefuka, vifuko vyake hupasuka, chavua humwagika. Sehemu kubwa huangukia stigma za ua lile lile. Baada ya saa moja hivi lodikuli hunywea na maganda hufunga. Chavua iliyotoka nje hufa ndani ya dakika chache, na ndiyo maana uchavushaji wa mmea kwa mmea katika mpunga wa kulimwa kwa kawaida hauvuki asilimia 1.

Kwa hiyo anayetaka kulifunga ua au kulifungua zaidi, lazima aanze na lodikuli. Na lodikuli zina historia ndefu ya ubishi wa kisayansi ambao hauwezi kurukwa, kwa sababu ndio unaotuambia tunachezea nini.

Mwaka 1991, Enrico Coen na Elliot Meyerowitz walichapisha kielelezo kilichokuja kujulikana kama ABC. Kwa kuchunguza maua yenye hitilafu ya mimea miwili, ua la bustani liitwalo Antirrhinum na gugu dogo la ukoo wa kabichi liitwalo Arabidopsis, walionyesha kwamba makundi matatu ya jeni yanatosha kueleza sehemu zote nne za ua. Kundi A likifanya kazi peke yake hutokea sepali, vile vijani vya nje vya ua. A na B zikikutana hutokea petali, yale majani ya rangi. B na C hutoa stameni. C peke yake hutoa kapeli, yaani sehemu ya kike inayobeba mbegu. Ondoa kundi moja na ua linageuka: stameni zinakaa mahali pa petali, kapeli mahali pa stameni. Jeni hizi nyingi ni za ukoo uitwao MADS, na protini zake hushikana mbili mbili au zaidi kabla ya kuwasha jeni nyingine. Baadaye kundi E liliongezwa, lakini uti wa mgongo wa kielelezo ulibaki ule ule.

Swali likawa: je, kanuni hii iliyotoka kwenye maua ya bustani na magugu ya Ulaya inashika kwenye jamii ya nyasi? Jamii hii ina aina zaidi ya 11,000, na ndani yake mna mpunga, mahindi, ngano, mtama, ulezi na muwa. Hazina petali za kuonekana wala sepali. Wengine walisema nyasi zimeachana na maua mengine zamani mno hata kanuni ile isiwahusu. Wengine walisema viungo ni vile vile, vimevaa sura nyingine tu.

Upande wa pili ulipata ushahidi wake mkubwa kwenye mahindi mwaka 2000, kupitia jeni iitwayo Silky1. Hindi lililopoteza jeni hiyo, ambayo ni ya kundi B, stameni zake ziligeuka kapeli, na lodikuli zake zikageuka vitu vinavyofanana na ganda. Miaka mitatu baadaye Yasuo Nagato na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo walieleza jambo hilo hilo katika mpunga. Mmea wao ulikuwa na kapeli kila mahali palipostahili stameni, na kwa utani wa maabara wakauita SUPERWOMAN1. Lodikuli zake nazo ziligeuka vipande vya ganda. Mwaka 2004 protini za kundi B za mahindi ziliwekwa kwenye Arabidopsis yenye upungufu, zikafanya kazi. Mimea iliyoachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita bado iliweza kuazimana jeni ya ua. Sioni namna ya kukwepa hitimisho: lodikuli ni petali iliyoacha urembo ikashika kazi ya misuli.

Lakini nenda katikati kabisa ya ua, kwenye kapeli, na hoja ya umoja inaanza kuyumba. Mpunga una jeni iitwayo DROOPING LEAF, ambayo si ya ukoo wa MADS. Ikiharibika, kapeli hugeuka stameni, na majani ya mmea hulegea kwa kukosa mshipa wa kati. Kundi la Hiro-Yuki Hirano, Tokyo, lilieleza hayo mwaka 2004 na kudai kwamba katika mpunga kazi ya kuamua kapeli imehama kutoka kundi C kwenda kwa jeni hii. Mwaka 2011 Ludovico Dreni na wenzake wa Milan walijibu kwa mpunga uliopoteza jeni mbili za kundi C kwa pamoja, OsMADS3 na OsMADS58: stameni na kapeli zote zilipotea. Kwa hiyo kundi C bado lina usemi, walisema. Mwaka 2019 kundi la Tokyo lilirudi na mimea mingine iliyopoteza jeni hizo hizo mbili, likaona katikati ya ua viungo vinavyofanana na kapeli, na likasimama kwenye msimamo wake wa awali. Binafsi naona Milan walionyesha kwamba kapeli kamili haiwezi kujengwa bila kundi C, na Tokyo walionyesha kwamba amri ya kwanza haitoki huko. Madai hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja, ingawa ukisoma makala zao utadhani hayawezi.

Na nje, kwenye maganda, hali ni ngumu zaidi. Kundi A katika nyasi halijapata mwenyewe wa wazi. Lema na palea hazikubaliki kirahisi kuwa sepali. Wengi huziona kama majani yaliyobadilika. Chini ya lema mna vijiganda viwili vitupu, na mwaka 2009 ilionekana kwamba jeni moja, G1, ndiyo inayovizuia visikue kuwa lema. Mwaka 2017 ukaelezwa mpunga unaotoa maua ya pembeni kwenye vijiganda hivyo, jambo linalotia nguvu dhana ya zamani kwamba babu wa mpunga alikuwa na maua matatu kwenye kila kisuke. Vichwa vya habari vikakimbilia ndoto ya punje tatu mahali pa moja. Tusubiri. Mmea una sukari ya kiasi fulani tu, na suke lenye maua mengi yasiyojaa ni gunia la mapepe.

Kilicho muhimu kwa hoja yetu ni hiki: ushahidi una nguvu zaidi pale pale kwenye lodikuli na stameni. Viungo hivi viwili vinaongozwa na jeni moja ya kundi B. Hiyo ni habari njema kwa mwanasayansi na ni mtego kwa anayetaka kulifunga ua. Ukiizima jeni ili lodikuli zife, stameni nazo zinageuka kapeli, na shamba zima halina chavua. Ua limefungwa vizuri kabisa, ila hakuna mpunga.

Mlango uliopatikana ni mwembamba. Protini ya SUPERWOMAN1 haifanyi kazi peke yake. Hushikana na mwenza, ama OsMADS2 ama OsMADS4. Watafiti wa India, Bangalore, walikwisha kuonyesha mwaka 2003 kwamba OsMADS2 ikizimwa, lodikuli hurefuka na kufanana na ganda huku stameni zikibaki karibu salama. Halafu mwaka 2007 Hitoshi Yoshida na wenzake wa Japani wakatangaza mpunga wenye badiliko la asidi amino moja tu, yaani tofali moja la protini, ndani ya SUPERWOMAN1. Badiliko hilo hudhoofisha mshikamano na wenza bila kuuvunja. Stameni zinabaki stameni. Lodikuli zinageuka vijiganda visivyovimba. Ua halifunguki, linajichavusha gizani na punje zinajaa. Wala hakuna jeni ya bakteria wala ya mmea mwingine iliyotiwa humo.

Nia yao waliisema waziwazi: kuzuia jeni zisitoroke. Nchi inayotaka kulima mpunga uliobadilishwa vinasaba huulizwa kila mara, je, chavua ikivuka mpaka wa shamba? Ua lisilofunguka linajibu bila uzio wala umbali wa mita mia kadhaa. Linazuia pande zote mbili, chavua isitoke na isiingie. Kwa mkulima anayetunza mbegu yake mwenyewe, hilo la pili huenda ndilo la maana zaidi. Kwenye majaruba mengi ya Tanzania mpunga mwitu, Oryza longistaminata, unamea kingoni au katikati ya miche. Jina lake la kisayansi linatokana na stameni ndefu, na kweli anazo, pamoja na tabia ya kukataa chavua yake mwenyewe. Unatawanya chavua nyingi wakati ule ule SARO 5, aina bora ya mpunga wa kulimwa, inapochanua. Ua lililofungwa halina cha kuhofia hapo.

Shayiri inatoa ushahidi wa ziada, na inapendeza kwa kuwa hapo hakuna maabara iliyoanza. Shayiri nyingi za Ulaya zimekuwa na maua yasiyofunguka tangu kabla ya yeyote kujua jeni. Mwaka 2010 ilibainika kwamba chanzo ni badiliko dogo katika jeni iitwayo Cly1, mahali ambapo kipande kifupi cha RNA kilipaswa kuishika na kuinyamazisha. Isiponyamazishwa, lodikuli hazikui. Na shayiri hizo hazishambuliwi sana na ukungu wa Fusarium wakati wa kuchanua, kwa sababu mlango umefungwa. Ukungu huo huacha sumu kwenye nafaka, kwa hiyo faida yake haiishii kwenye mavuno. Lakini watafiti wa Japani waliona pia kwamba siku kama 10 baadaye, stameni zilizokauka zinaposukumwa nje na punje inayokua, shayiri hiyo hiyo inaingiwa na ukungu. Ugonjwa unacheleweshwa, hauondolewi.

Upande huu una udhaifu mwingine, na mimi nauona mkubwa kuliko watetezi wake wanavyokiri. Mpunga wa 2007 ulifunga vizuri kwenye joto la kawaida, ila kwenye baridi ule mshikamano wa protini ulirudi na baadhi ya maua yakafunguka. Ilibidi ipatikane aina ya pili, iliyotangazwa 2017, inayovumilia zaidi. Kizuizi kinachotegemea hali ya hewa si kizuizi cha kuandikia sheria. Mahali pa mwinuko kama Mwea, Kenya, penye usiku wa baridi, pangekijaribu haraka. Halafu chavua siyo njia kuu ya mbegu kuchanganyika. Mbegu huchanganyika kwenye turubai la kupigia, kwenye gunia lililowahi kubeba aina nyingine, kwenye trekta la kukodi, kwenye maji ya mfereji. Jeni zinasafiri zaidi kwa lori kuliko kwa upepo. Ukifunga ua na kuacha ghala wazi, umetibu sehemu ndogo ya tatizo.

Hata hatari ya mpunga mwitu inahitaji kupimwa kwa utulivu. Chavua ya shambani ikiangukia stigma ya longistaminata, mbegu nyingi zinazotungwa hufa zikiwa changa, ndiyo maana watafiti waliotaka kuvukisha aina hizi mbili walilazimika kuokoa viini kwenye chupa. Nyingi, si zote. Afrika Magharibi mpunga mwitu huo umezaana na mpunga wa asili wa Kiafrika na kutoa magugu sugu. Hivyo hoja ya kufunga inabaki hai, japo haina ukubwa inaopewa kwenye mikutano.

Na ipo gharama ambayo watu wa maabara huisahau. Mwaka 2009 utafiti wa Edwin Nuijten na wenzake ulionyesha kwamba kwenye mashamba ya wakulima wa Afrika Magharibi zimezuka aina mpya za mpunga zitokanazo na mpunga wa Asia na ule wa Afrika. Aina hizo si NERICA, zile zilizotengenezwa na Monty Jones na wenzake katika kituo cha utafiti miaka ya 1990. Hizi zilijitokeza zenyewe kwa chavua iliyopotea njia, na wakulima wakaziona, wakazichagua, wakazitunza. Ule uchavushaji wa chini ya asilimia 1, unaoonekana kama kasoro ndogo kwa mlinzi wa mbegu safi, ndio uliowapa aina hizo bure. Ua likifungwa kila mahali, mlango huo nao unafungwa.

Sasa twende kwa wanaotaka kulifungua. Hoja yao imesimama juu ya mbegu chotara, ile inayozaliwa na wazazi wa aina mbili tofauti. Yuan Longping alianza kutafuta njia mwaka 1964. Mwaka 1970 ukapatikana Hainan mpunga mwitu usio na chavua hai, na kufikia 1976 China ilikuwa inapanda mpunga chotara kwa wingi. Ongezeko linalotajwa mara nyingi ni asilimia 15 hadi 20 juu ya mbegu ya kawaida. Utasa wa ule mpunga mwitu sasa unaeleweka: jeni ya mitokondria, zile injini ndogo za seli, iitwayo WA352, iliyoelezwa 2013, huua mapema tabaka linalolisha chavua. Mmea hauna tatizo lingine lolote. Stigma zake ni nzima, zinasubiri mgeni.

Tatizo ni mgeni kufika. Mpunga wa kulimwa umefupishwa stigma na vifuko vya chavua kwa maelfu ya miaka ya kuchaguliwa na wavunaji waliotaka aina yao ibaki vile vile. Kwa hiyo uzalishaji wa mbegu chotara ni kazi ya kupingana na umbo la ua. Mistari ya mama tasa hupandwa kando ya mistari ya baba. Hupuliziwa homoni ya jiberelini ili suke litoke kwenye ala ya jani. Halafu asubuhi, ua likifunguka, watu huvuta kamba au kusukuma kwa mianzi ili chavua iruke. Watafiti wanataka jeni zirahisishe kazi: stigma zichomoze nje ya ganda na kubaki nje hata ua likifunga, lodikuli zivimbe zaidi, ua likae wazi kwa muda mrefu, na mama na baba wafungue saa ile ile. Longistaminata, adui wa majarubani, hapa ni hazina, maana stigma zake ndefu ndizo wanazozitamani.

Asilimia 15 si kitu cha kudharau. Nchi inayoagiza mchele kutoka nje ina haki ya kuitamani. Ila hesabu haiishii kwenye mavuno. Punje ya chotara ikipandwa tena hutoa mchanganyiko, kwa hiyo mbegu hununuliwa kila msimu. Tanzania sehemu kubwa ya mpunga inatokana na mbegu ya kutunza nyumbani au ya kuazimana, na hata aina bora kama SARO 5 inapendwa kwa sababu unaweza kuipanda, kuvuna, na kutenga gunia la mwakani. Vikundi vya wakulima vinavyozalisha mbegu za daraja la kuazimiwa, za kuuziana karibu na kwao, vimejengwa juu ya tabia hiyo ya mpunga kujichavusha. Mpunga chotara unahitaji kampuni, wakaguzi, umwagiliaji usiokatika na soko la kumrudishia mkulima gharama ya mbegu. Palipo na vyote hivyo, sina pingamizi. Pasipo navyo, mkulima amenunua asilimia 15 kwa deni.

Ua lililofunguliwa lina madhara yake ya kibayolojia pia. Mlango wa chavua ndio mlango wa ukungu. Kwenye mtama, ugonjwa wa ergoti huwasumbua hasa wazalishaji wa mbegu chotara, kwa sababu stigma za mmea tasa hukaa wazi zikisubiri chavua na ukungu huzifikia kwanza. Hakuna sababu ya kudhani mpunga utasamehewa kabisa.

Halafu kuna jambo linaloweza kuufuta ubishi wote huu. Mwaka 2019 makundi mawili, moja la Chuo Kikuu cha California, Davis, chini ya Venkatesan Sundaresan, na lingine la Kejian Wang huko Hangzhou, yalitengeneza mpunga unaotoa mbegu bila kuchanganya jeni za baba na mama. Mbegu ni nakala ya mmea mzazi. Mwanzoni mafanikio yalikuwa ya sehemu ndogo ya mbegu, lakini mwaka 2022 kundi la Wafaransa na Wamarekani lilitangaza mpunga chotara ambao zaidi ya asilimia 95 ya mbegu zake zilikuwa nakala. Ikifika shambani, chotara itavukishwa mara moja na kutunzwa kama SARO 5. Wanaotaka kulifungua ua watakuwa wamepoteza sababu yao, na mkulima atakuwa amepata mavuno ya chotara na gunia lake la mwakani. Ikiwa leseni itamruhusu, bila shaka. Teknolojia inayomwezesha mkulima kuzalisha mbegu yake ni ile ile ambayo kampuni ina kila sababu ya kuifunga kwa mkataba.

Katika yote haya, kuna swali la tatu linalopata nafasi ndogo kuliko linavyostahili: ua lifunguke saa ngapi? Mpunga unaochanua kwenye joto la zaidi ya nyuzi 35, hata kwa saa moja hivi, hushindwa kutunga punje, kwa sababu vifuko havipasuki vizuri na chavua haioti kwenye stigma. Suke linabaki limesimama wima, jepesi, limejaa mapepe. Ukichanua saa nne na nusu uko hatarini. Ukichanua saa tatu huenda umepona. Mpunga mwitu Oryza officinalis hufungua mapema sana asubuhi, na watafiti wa Japani na wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, waliichukua tabia hiyo kwa kuvukisha tu. Mwaka 2015 walitaja eneo la kromosomu ya tatu, qEMF3, linalowahisha kufunguka kwa saa moja na nusu hadi mbili. Mwaka 2022 ukaelezwa China mpunga unaofungua mapema kwa sababu ya jeni inayogusa ukuta wa seli za lodikuli. Ni vile vijinyama viwili tena, ila safari hii havikatwi wala havinenepeshwi, vinawahishwa.

Ningekuwa na fungu dogo la utafiti wa mpunga Afrika Mashariki, hapa ndipo ningeliweka kwanza. Si kwa kuwa ni katikati ya pande mbili. Ni kwa kuwa halimtaki mkulima abadili namna anavyopata mbegu. Aina inayowahi kufungua inabaki ikijichavusha, inatunzwa nyumbani, na ule mlango mdogo wa chavua ya bahati haufungwi. Wanaofanya chotara nao wanafaidika, maana moja ya shida zao ni mama na baba kufungua saa tofauti. Kizuizi chake ni kwamba joto si tatizo kila mahali. Mpunga wa mvua unaochanua chini ya mawingu ya masika hautaona tofauti. Wa umwagiliaji unaochanua miezi ya joto ndio unaohitaji. Na ua linalowahi sana linaweza kukutana na umande, na chavua iliyolowa hairuki. Lazima ipimwe bonde kwa bonde.

Sheria nazo zinaelekea huko, hata kama hazikukusudia. Kenya ilitoa mwongozo wa uhariri wa jeni mwaka 2022, unaoruhusu mmea usio na DNA ngeni kushughulikiwa kama mbegu ya kawaida, na mwaka huo huo ikatangaza kuondoa marufuku ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Tanzania ilisitisha majaribio ya GMO na mwaka 2021 ikasisitiza hivyo. Mpunga wa Yoshida usiofunguka ungepita kwenye milango yote miwili, kwa kuwa ni badiliko la ndani ya mpunga wenyewe, ingawa sababu yake kubwa, kuzuia GMO isisambae, haipo mahali ambapo GMO haipandwi. Mpunga wa nakala za mbegu, kwa jinsi ulivyotengenezwa hadi sasa, ungekwama Tanzania siku ya kwanza. Ila qEMF3 hupitishwa kwa kuvukisha kwa mkono: mkasi, koleo, mfuko wa karatasi na vizazi kadhaa vya kurudisha kwenye SARO 5 au Supa hadi harufu na ladha zirudi. Kituo chochote cha utafiti chenye jaruba na mtu wa kuamka mapema kinaweza kuanza msimu ujao, na kazi ya kwanza ni rahisi: kukaa majarubani alfajiri hadi mchana, kipimajoto mkononi, na kuandika aina zetu hufungua saa ngapi katika kila bonde.